Maji ya Arielle

Makere senta, ukishapita mashine ya kusaga, kuna benchi la mbao mbele ya studio ya Sylvesta. Studio yenyewe ni chumba kimoja, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, na kompyuta moja ambayo hata wajanja wa Kasulu mjini hawana. Ya kwao inapoozwa na feni. Hii inapoozwa na maji, mwanangu! Vibomba vya kuonyesha ndani, pampu ndogo kama ngumi, na rejeta yake, utadhani lori. Aliyeiunda ni Arielle, binti wa kambini Nyarugusu, mwimbaji wa kwaya. Asubuhi alipopanda basi la wanaohamishiwa ng'ambo alimwachia Sylvesta mashine, na ndani ya mashine yakabaki maji aliyoyamimina kwa mkono wake. Sasa maji yamegeuka rangi, mashine inachemka, na Sylvesta, anayemwambia kila mteja kuwa Arielle atakuwa mkewe, hataki kulisikia neno kumwaga.

Siku hiyo aliitoa mlangoni ipate upepo, waya umepitia dirishani. Kijiwe kizima kikainama.

— Oya Injinia, huo ni mlenda kabisa, alisema Klachi, dereva wa bodaboda, akimgeukia Sylvesta. Mwaga.

— Mlenda upo kichwani kwako. Wewe pikipiki yako inapoozwa na nini? Vumbi!

— Lakini inafika Kabanga na kurudi. Yako haifiki mwisho wa wimbo.

Hilo lilimchoma. Humo ndani kuna wimbo wa kwaya ambamo Arielle alirekodi sauti yake ya mwisho, na haujatolewa. Kila Sylvesta akiiambia kompyuta iutoe mzima, inapata joto na kuzima. Akijaribu kuusikiliza tu, inazima kabla ya ubeti wa Arielle.

— Mimi nilimpa dawa, alisema Mpawenimana, wanayemwita Waziri kwa sababu zamani za ukimbizi alisimamia bomba la kambi, na hadi leo hakuna tone analokubali halimhusu. Kidonge cha kutibu maji. Kinaua kila kitu.

— Kimeua, ndiyo, alidakia Klachi. Kimeanza na shaba. Ona kijani ile pale kwenye kibati!

— Mana yanje, Mungu wangu! Mimi nilijua ni ya kunywa.

Sylvesta alifuta vumbi kwenye rejeta. Kidonge alikitumbukiza mwenyewe. Aliona heri ayatibu kama mgonjwa kuliko kuyatoa.

— Weka kulanti ya rejeta ya lori, alisema Klachi.

— Weka maji ya mvua, alidakia Wilondja, Mkongo anayeuza kahawa, huku anamimina. Ile ya kwanza kabisa, yenye haijagusa bati.

— Asali! Waziri alisimama. Asali ya Kibondo haiozi. Kijiko kimoja mle ndani, itazunguka mpaka wajukuu.

— Na nyuki wahamie kwenye kibodi! alisema Klachi. Injinia, utarekodi kwaya ya nyuki.

— Mucheke tu, alisema Wilondja. Mi nawaambia, ile maji iko na huzuni. Inatafuta mwenyewe. Tia mu chupa, tuma Kanada kwa Arielle. Yeye anawe nayo mikono, kisha arudishe. Utaona kama masini itachemka tena.

— Uwanja wa ndege watamuuliza ni nini.

— Aseme ukweli. Maji ya mapenzi.

Walicheka mpaka benchi likalalamika. Sylvesta alicheka kuliko wote, akawasha mashine awanyamazishe. Kwaya ikaanza, ngoma zikaingia, wanaume wakaitikia. Pampu ikaguna. Klachi alishika kikombe bila kunywa. Pale ambapo sauti zote hushuka ili mmoja apande, skrini ikawa nyeusi.

Ndipo Mama Eugénie, kiongozi wa kwaya, akatokea barabarani, akapiga makofi mawili ya salamu.

— Mwakeye, wanangu? Nimefuata wimbo wetu.

Klachi alimweleza yote kwa pumzi moja: mlenda, kidonge, asali, Kanada, mpaka mke mtarajiwa wa Injinia. Mama Eugénie akachungulia kile kibomba, kisha akamtazama Sylvesta.

— Na Arielle mwenyewe, ulimwambia kwamba unamngoja?

Wilondja aliinamisha birika, likatoa machicha. Waziri, mtu wa nadharia, alikwangua udongo wa gumboti lake.

Mdomo wa Sylvesta ulikuwa umeitangaza harusi Makere nzima, isipokuwa kwa Arielle. Pale kwenye basi alimwambia Arielle, usijali, mashine nitaitunza. Basi. Na meseji zote alizowahi kumtumia huko ng'ambo zilikuwa picha za rejeta. Arielle alikuwa anajibu kwa dole gumba.

— Leteni beseni, alisema.

Hakuna aliyeinuka. Wale wale walioshinda wanapiga kelele mwaga, weka, tuma, kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.

Akaingia ndani, akalileta mwenyewe. Akalegeza kibomba. Kwa kuwa mashine ilikuwa imezima sasa hivi tu, maji yalimtiririkia vidoleni yakiwa bado ya moto, na hakuuondoa mkono mpaka yalipokwisha.