Bi Azza na Kasha la Ukumbini

Bi Azza Himyar, Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Kwamzindo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu. Ameomba sherehe isiwe na tarumbeta wala keki yenye picha yake. Keki tumeiagiza hata hivyo. Ameomba pia wasifu huu usimpambe, na hilo tumejaribu kulitii, ingawa kusema kweli sisi wenzake wa ofisi tunaouandika tuna haya kuliko yeye atakayeusikiliza.

Alizaliwa Mabawa, jijini Tanga, akaanza kazi Pangani, ambako alivuka mto kwa kivuko karibu kila siku ya kazi na hakuzoea hata mara moja. Alikaa katikati ya pantoni, macho kayafumba, anasoma dua, huku watu aliokwenda kuwahudumia wakimshikia mkoba. Alipohamishiwa kwetu, swali lake la kwanza lilikuwa kama mto wa Kwamzindo una daraja. Ofisini tunamjua kwa chai yake ya tangawizi isiyo na huruma, iliyowahi kumtoa Hosea wa Utumishi machozi mbele ya wageni.

Mgeni wa huku afahamu jambo moja. Wakulima wetu wengi wana bunduki zenye leseni, kwa sababu ya nguruwe pori na nyani wanaomaliza mihogo. Zamani bunduki ya mwenye nyumba ilikaa chumbani kwake, na chumba cha mtu hakiingiliwi. Kwa hiyo kamati ya usalama ya kata ilipokwenda kukagua, ilikaribishwa barazani, ikanyweshwa kahawa kwa kashata, ikaambiwa bunduki iko salama, ikaaga. Ofisi yetu ilikuwa na mjumbe katika kamati hiyo. Tumekunywa kahawa nyingi sana.

Waliokuwa wakiingia chumbani ni wanawake wanaokwenda kumwona mzazi, yaani mama aliyejifungua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwaka 2004 Bi Azza alikwenda kumwona Mboni, mke wa Mzee Asaad mwenye shamba la minazi, aliyekuwa amejifungua. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanywa uji wa pilipili manga, akaiona bunduki imeegemezwa nyuma ya kabati, na risasi zimo kwenye kikopo cha hina, mahali anapofikia mtoto. Hakusema neno. Yaonekanayo kwa mzazi husitiriwa. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa sote. Kabla Mboni hajatimiza arobaini ya uzazi, mwanawe mkubwa aliitoa bunduki ile kuichezea, ikafyatuka, ikampiga dada yake Bayan mguuni. Bayan alikuwa na miaka mitano. Alipona, lakini anatembea kwa gongo mpaka leo.

Bi Azza alimfuata Mboni hospitali akamweleza alichokiona na kukinyamazia. Mboni akageuza uso, akatazama ukuta. Tangu hapo Bi Azza hakuingia tena chumba cha mzazi yeyote. Alituma khanga na unga wa uji kwa mikono yetu, nasi, Mungu atusamehe, tukasema nyuma yake kwamba cheo kimemlevya.

Ndipo akaanza kudai sheria ndogo. Wazo lake lilikuwa hili: bunduki itoke chumbani. Ikae ukumbini, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa bolti, na risasi zikae kwenye kasha jingine. Kamati isipitishe jina la mtu kuhuisha leseni mpaka ilione kasha kwa macho yake. Mkaguzi angekagua, na chumba cha mtu kingebaki na sitara yake.

Mara ya kwanza alileta kasha la mfano, kazi ya fundi Luka, akaliweka juu ya meza ya baraza la madiwani. Meza ikavunjika mguu. Madiwani walicheka mpaka kikao kikaahirishwa, na kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Kasha. Sisi tulioitoa meza nje tulicheka pia. Mara ya pili aliambiwa anataka kuwavua wanaume nguo mchana kweupe. Mara ya tatu, mwaka 2017, aliziacha takwimu zake kitini, akasimama akasimulia habari ya kikopo cha hina. Hakutaja nyumba ya mtu. Mzee Asaad, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya wananchi, akainuka mwenyewe, akasema nyumba ni yake, aibu ni yake, na kasha la kwanza likafungwe kwake. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Sheria ikapita, ikapelekwa kupata idhini, ikaanza kazi mwaka uliofuata.

Vituko havikukosekana. Mzee Mathew, mkulima aliyehamia kwetu kutoka Maramba, alilifungua kasha lake kwa fahari mbele ya wakaguzi: ndani yake mlikuwa na sukari, mafuta ya kula na vikombe vya wageni. Bunduki ilikuwa chini ya godoro. Bi Azza alikaa pale ukumbini, mkoba mapajani, mpaka vikombe vilipopatiwa kabati. Tangu makasha yafungwe, hakuna mtoto wa Kwamzindo aliyeguswa na risasi.

Hilo tungelitangaza kwa mbwembwe, lakini uso hatuna. Sheria hii ingeweza kuandikwa kabla ya mguu wa Bayan. Bi Azza aliona akanyamaza. Sisi tuliotumwa kuona hatukutaka hata kuona. Aibu yetu sote akaibeba yeye, na juu yake tukamwongezea jina la utani. Tunamwomba radhi hadharani.

Wiki iliyopita Bayan alijifungua mtoto wa kike. Siku mbili baadaye Mboni alikuja ofisini, akakataa kiti, akaacha maneno haya: "Mwambieni Bi Azza hizo khanga za kutumatuma sizitaki. Aje mwenyewe amwone mzazi. Na asinikalie barazani, aingie ndani." Tulipomfikishia, Bi Azza alijifunika uso kwa mtandio na chai yake ikapoa. Hajatuambia kama atakwenda.

Bi Azza, shikamoo. Ahsante kwa kazi, kwa tangawizi, na kwa kutuvumilia. Mola akujaalie umri mrefu, afya njema na usingizi wa raha. Jumamosi hii nenda kwa Mboni, dada yetu. Mimi Lea, ninayeusoma wasifu huu kwa niaba ya wenzangu, nilikwenda jana kumwona mzazi, nikakutazamia: kitandani umewekewa nafasi, na nyuma ya kabati pana ufagio tu.