Sauti ya Mama Furaha Imevuka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Sake! Apewe tena! Munaniona nimesimama hapa, lakini mwezi uliopita kiburi kilikuwa karibu kuniua.

Munajua kazi yangu: mimi njo narekodi korale, kwaya yetu. Tulipokuwa bado Kirolirwe, mbele ya kuja hapa, nilirekodi nyimbo za marehemu Mama Furaha, muke wa Papa Bahati, kiongozi wetu wa korale. Ordinatere, ile kompyuta niliyorekodia, iliharibika, ikabaki diski yake tu. Nikapata ordinatere ingine, na programu mupya ya kupanga sauti, nikajisifu hapa kanisani: "Nyimbo zote iko kwangu!"

Ndugu zangu, sikuwa hata nimejaribu! Papa Bahati akanijia: "Mutoto wangu, binti yetu anaolewa. Nataka siku ile asikie mama yake." Nikafungua. Programu mupya ikakataa kabisa kazi ya programu ya zamani. Nikafunga kula siku tatu, nikaweka mikono juu ya ordinatere, nikakemea pepo. Mucheke tu! Hakukuwa pepo mule.

Siku ya nne nikachimba ndani ya diski, nikakuta kila sauti iko nzima, peke yake katika faili yake. Asante Yesu! Nikaziingiza moja moja katika programu mupya. Fujo! Watu wanaitikia na Mama hajaita bado. Kila muntu tulimurekodi siku yake, mimi nikazipanga sauti kwa programu ya zamani, na mupango ule njo ulipotea. Nililia, sifichi.

Nikarudilia kusikiliza. Mwanzoni mwa kila faili: pa! Kofi moja. Ile desturi ya Papa Bahati! Hata ukiimba peke yako mbele ya mikro, wengine waliorekodiwa mbele yako unawasikia katika kasko ya masikioni tu, lazima upige kofi pamoja nao kabla ya kuimba. "Korale inaanzaka pamoja," alisema. Mimi nilimuona muzee wa kizamani, nikakata makofi yote kama uchafu katika mupango wangu. Kumbe faili zenyewe zilikuwa zimeyatunza. Nikalinganisha kofi na kofi. Mama akaita, watu wakaitika. Haleluya!

Nikamuita Papa Bahati, nikamuomba musamaha kwanza, halafu tukasikiliza. Kisha kofi la Mama yalitoka maneno ambayo nilikuwa nimekata pia. Mama Furaha anasema: "Papa Bahati, nikikosea, tutarudilia."

Papa akaweka mukono juu ya bafle, pale sauti ilipotokea. "Haukukosea, Mama," alisema.

Ndugu yangu, pengine na wewe unalilia kitu ulichopoteza kwa kosa lako mwenyewe. Shuka chini, omba, halafu inuka utafute. Umutumainie Mungu, mimi nimemuona! Jumamosi hii, binti ya Papa Bahati ataingia kwa mulango ule, na mama yake njo atamuimbia.