Aliyemtua Mpagazi wa Makere Akamtwika Tena

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1977, Mzee Tharsisi Gwasa, mwashi wa kambi ya barabara ya Makere, anastaafu baada ya kutumika miaka ishirini na minane. Jarida letu limetaka habari zake. Kazi hii nimepewa mimi kibarua kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja tangu nilipoletwa hapa kutoka Masasi, na waliosoma kunizidi wamehamishwa wote. Nitaandika ninavyojua.

Mzee Tharsisi ni mzaliwa wa Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Aliingia kazini mwaka 1949 kuponda kokoto, akawa msaidizi wa mwashi, kisha mwashi kamili. Ukisafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa masika na gari lako lisizame, ujue umepita juu ya kalvati zake, mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Moja ina alama za nyayo mbili kubwa kwenye saruji. Hizo ni za siku nyuki walipofumuka bombani, naye akarukia saruji mbichi aliyokuwa ametoka kuilainisha. Alikataa nyayo zile zisifukiwe. Alisema mkaguzi akiuliza, aambiwe ni sahihi ya fundi.

Ni mtu wa salamu. Waha husalimiana kwa kupiga makofi polepole na kusema "mwidiwe", na yeye hawezi kushika mwiko kabla hajawapigia makofi wote, hata dereva wa greda ambaye mikono yake imeshikwa na usukani. Msimamizi wetu Ndugu Dadi, mtu wa Ujiji, humwambia, "Mzee, wewe ukimaliza kusalimu, sisi tunafunga kazi."

Lakini jina lake halikuvuma kwa ajili ya kalvati. Lilivuma kwa ajili ya sanamu iliyo kando ya barabara mbele ya kambi: mtu wa saruji, kifua wazi, amebeba kasha kichwani na kulishika kwa mikono miwili. Waingereza waliisimamisha baada ya vita vya Mjerumani ili kuwakumbuka wapagazi waliokufa njiani. Hivyo ndivyo kibao kilivyosema, na kibao chenyewe kiling'olewa zamani. Watu wa hapa hawakuona wapagazi wa vita. Waliona mahali ambapo lori lilisimama kuwachukua manamba, vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga. Mama akipita hapo na mwanawe, alimgeuza mtoto uso. Renatus, kaka yake Mzee Tharsisi, alipandia lori hapo na hakurudi. Hata salamu hazikurudi. Na Tharsisi alipoajiriwa, yeye ndiye aliyetumwa kuipaka chokaa sanamu ile kila alipotarajiwa mkubwa. Aliniambia kwamba alikuwa akianza na macho, ili isimtazame.

Katikati ya mwaka 1972 kiongozi mmoja alipita akasema hatuwezi kujenga taifa huru huku tumemsimamisha mtumwa barabarani. Akatoa wiki moja sanamu iwe imevunjwa. Ndugu Dadi hakuhitaji kuuliza nani ataifanya kazi hiyo. Mzee Tharsisi alikuwa ameshachukua nyundo kubwa, na ni siku hiyo tu nilipomsikia akiimba kazini.

Alipofika akakuta watu wamekaa chini ya sanamu. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wameanza kuingia kwa wingi, na mizigo vichwani. Kwa desturi ya huku, mtu aliyebeba haulizwi habari. Unamtua kwanza, ndipo unamsalimu. Akina mama wa Makere walikuwa wakiwatua pale penye nafasi, miguuni pa sanamu. Habari ikarudi nyuma mdomo kwa mdomo mpaka ng'ambo ya mto Malagarasi: nendeni mpaka mumwone mtu wa saruji mwenye mzigo, hapo mtatuliwa. Waliohofia kupotezana wakapeana miadi hapo, mahali ambapo hawajapaona.

Mmoja wao alikuwa Pelagia Niyonsaba, mwanamke kijana. Yeye na mumewe Evaristi walitenganishwa na watu waliokuwa wakigombea mtumbwi mtoni. Neno la mwisho alilomsikia mumewe akilipigia kelele lilikuwa hilo: kwa mwenye mzigo! Basi alipoiona nyundo akapiga magoti.

"Mutama, mbabarira," akasema, yaani, mzee, nihurumie. "Ukimwangusha huyu, mume wangu atanitafuta wapi?"

"Huyu alimla kaka yangu," Mzee akamjibu.

"Basi asimle na mume wangu."

Mzee akasimama pale na nyundo begani. Ndugu Dadi akapaza sauti kutoka stoo, "Tharsisi! Unamvunja, au unamchumbia?" Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudi akaweka nyundo chini, na siku mbili hakuigusa.

Siku ya tatu alichukua patasi na ngazi. Hakuivunja sanamu. Alichonga taratibu mpaka kasha likaachia kichwa, akaliteremsha kwa kamba akaliweka chini, pembeni ya miguu. Yule mtu wa saruji akabaki ameinua mikono mitupu juu. Sijaona siku ambayo Makere nzima ilifurahi kama hiyo. Kiongozi aliporudi alisema sasa huyu ni mtu huru, anashangilia. Wakimbizi walisema huyu naye ametuliwa, tena anasali. Madereva walidai anaomba lifti. Pelagia mwenyewe alipiga vigelegele. Ndugu Dadi akamwambia Mzee, "Leo umewaridhisha wote, hata mimi." Kaka yake Renatus pia nadhani aliridhika, popote alipo.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakuna aliyeliwaza. Lilikuja na mama mmoja mkimbizi aitwaye Epifania, ambaye siku ya soko alitoka Kibondo akakaa karibu na Pelagia. Epifania alisema walipopakiwa kwenye lori kutoka Kasulu, alikuwamo mwanamume aliyekuwa akisimama kila baada ya mwendo kidogo, ameshika bodi, akimwomba dereva amshushe kwa mtu mwenye mzigo. Dereva alikuwa mgeni wa njia hii. Walipopita Makere yule mwanamume alimtazama mtu wa saruji, akatazama tena.

"Siyo huyu," akasema. "Huyu hana kitu. Twende mbele."

Kule Kibondo watu waligawanywa kwenye malori mengine ya kuwapeleka mbali, na Epifania hakumwona tena. Jina lake alilikumbuka. Ni Evaristi.

Pelagia hakumlaumu Mzee. Alimwambia, "Ulitaka kumpumzisha." Mzee husema afadhali angemtukana.

Asubuhi iliyofuata alikoroga saruji, akachimbia nondo kichwani pa sanamu, akatuita tumsaidie kupandisha kasha. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Ndugu Dadi alitoka nje na kikombe cha chai mkononi.

"Wewe mzee, mwezi uliopita umemtua, leo unamtwika tena. Amekukosea nini?"

"Kuna mtu anamtafuta akiwa hivi."

Ndugu Dadi akaweka kikombe chini, akashika kamba pamoja nasi. Kwa kitendo kile Mzee aliitwa wilayani, na cheo cha usimamizi alichokuwa akitajwa kukipata hakikutajwa tena. Hakulalamika. Alilolalamikia ni kwamba kasha limekaa upande kidogo, na kweli limekaa upande.

Tangu hapo Jumapili zake zilikwisha. Baada ya misa alipanda baiskeli kwenda Kibondo, Kasulu, Kumsenga, popote aliposikia wapo wageni kutoka ng'ambo, akiuliza. Amewakuta Evaristi wengi. Pelagia alikataa kupanda lori la kwenda kwenye makazi ya wakimbizi, kwa sababu mtu uliyepeana naye miadi humhamishii mahali. Familia moja ya hapa ilimpokea kama binti. Ana shamba la maharage, na kila siku ya soko huuzia pale pale miguuni pa sanamu.

Watu walipohamia vijijini mwaka 1974 na milango ya nyumba zao vichwani, walipita pale wakasema kumbe huyu ni sisi. Leo hii watoto wa shule hawajui wapagazi, hawajui manamba. Wakiagana utasikia, "Tukutane kwa Evaristi." Wanadhani ndilo jina la sanamu. Mara ya kwanza Mzee Tharsisi kulisikia hilo alikuwa juu ya ngazi na ndoo ya chokaa, na alishuka akaenda kukaa nyuma ya stoo.

Mstaafu kwa kawaida hurudi kwao kulima. Mzee anayo migomba yake Kumsenga na wajukuu wa kumchosha. Lakini wiki ya kwanza ya Julai anashuka Kigoma na baiskeli yake kupanda treni, kwanza Tabora aende Ulyankulu, kisha Mpanda aende Katumba, ambako watu wengi wa malori yale walipelekwa. Pelagia anabaki, ili mwenyewe akija amkute. Tumemshauri Mzee apumzike kwanza. Ametupigia makofi polepole, akaendelea kufunga godoro.

Jarida hili husomwa na wenzetu wa kambi za Tabora na Mpanda, nami sioni haya kulitumia. Mtu tunayemtaka ni Evaristi wa Rutana, Burundi, mfupi, kidole gumba cha kushoto kimekatika, fundi wa mizinga ya nyuki, hupiga mluzi akifanya kazi. Mkimwona, msimpe maelezo marefu. Mwambieni pale Makere alipopita ndipo penyewe, na Pelagia yupo hai. Na mzee mwenye baiskeli akifika kwenu, mpeni pa kulala.

Mzee Tharsisi, kambi ya Makere inakushukuru kwa kila kalvati na kwa kila salamu. Mapumziko hukuyataka, basi hatukutakii hayo. Tunakutakia miguu yenye nguvu, treni isiyochelewa, na umkute.