Fuawe ya Jeruto na Stima Iliyopotea

Benchi letu ni ubao juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Thuo cha welding, hapa mtaani West Indies. Mimi, vijana wananiita Cucu, yaani nyanya, nakaa kando na chupa zangu mbili za kahawa. Opondo, tunamwita Reli, alifanya kazi ya gari la moshi miaka thelathini, na kwake hakuna kitu duniani kilifika kwa njia nyingine. Mwalimu Kiplimo ni mstaafu, nyumbani kwake ni Cheptiret. Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umepotea, Jeruto akaja na fuawe, ile chuma nzito fundi wa moto analaza kitu juu yake akipiga. Jeruto ni nesi. Hiyo kazi ya moto anafanya kwa kupenda tu, siku ya mapumziko. Mwalimu ndiye alimwelekeza kwa boma moja huko Cheptiret, akakuta fuawe imefungiwa ndama. Wiki mbili ameilowesha kwa siki na kuisugua kwa brashi ya waya, mpaka kutu ikatoka na ubavuni zikaonekana namba: 1, 1, 16.

— Thuo, stima ikirudi usage hapa juu kwa grinder, Jeruto akasema. Huu upande umelika sana. Nataka ukae sawa na ule mwingine.

— Dakika kumi tu, Thuo akasema. Itang'aa kama sufuria ya harusi.

Nilimwaga kahawa kwa vidole vyangu. Ule upande uliolika niliujua. Nilikuwa nampelekea Joseph, mzee wangu, uji wa saa nne akifua vyuma vyake, na kibuyu nakiweka hapo hapo. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulikimbia kutoka karibu na Kaptagat, tuliacha nyumba, ng'ombe na fuawe. Joseph alikufa akiiulizia, ng'ombe hakuwataja. Sasa grinder ikipita hapo, alama ya mkono wake imeenda. Lakini ningesemaje? Kwa hili benchi sisi hatutaji ule mwaka. Tunakunywa kahawa.

— Hiyo si namba, Opondo akasema. Hiyo ni tarehe. Moja, mwezi wa kwanza, kumi na sita. Chuma ya reli.

— Reli ilikuwa haijafika hapa mwaka huo, Mwalimu akasema.

— Basi ilitangulia.

— Ilitangulia na nini?

— Ilikuja ikangojea reli. Wewe hujawahi kufika stesheni mapema?

Thuo alicheka mpaka akatoa miwani.

— Mzee Reli, wewe ukionyeshwa kuku utasema alishuka second class. Mwaka wa kumi na sita ilikuwa vita. Hiyo ni mzinga wa Mjerumani. Waliuyeyusha.

— Nani aliuyeyusha? Opondo akauliza.

— Kaburu, wale walowezi wa zamani. Walikuwa na moto huko Kaptagat, miti ilikuwa mingi.

— Kaburu alikuwa akiyeyusha mafuta ya ng'ombe, Mwalimu akasema. Sikizeni, nyinyi hamsomi. Hii ni ya mishenari. Kitabu cha kwanza, sura ya kwanza, mstari wa kumi na sita. Mwanzo. Mungu akafanya mianga miwili mikubwa.

— Mianga miwili, Opondo akasema, na hapa tunangojea stima tangu saa mbili.

— Mishenari wa kupiga chuma? Thuo akauliza.

— Walipiga kengele, watashindwa na chuma?

Jeruto alikuwa anaandika yote kwa simu, masikini, hata ile ya mzinga. Nilitaka kucheka, na machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa namsikia Joseph: "Warigia, sogeza uji, cheche hazina adabu." Nilisikia ile nyundo yake, pigo moja kwa chuma, pigo dogo kwa fuawe tupu, kama mtu anayepumua.

Ndipo akaja mama mmoja, jina lake Jebet, kuchukua jembe lake lililoletwa na mtoto wake juzi. Tulikuwa hatujawahi kumwona. Aliizunguka fuawe, akashika ule upande.

— Mbona imelika huku, na huku bado ni kali?

Benchi likamwangalia.

— Ni kutu, Thuo akasema.

— Kutu ingekula pande zote.

— Ndama, Opondo akasema, lakini polepole.

Taa ya kibanda ikawaka. Thuo akachukua grinder, akavuta waya. Ikalia. Nikasimama, kikombe kikaanguka.

— Zima hiyo kitu.

Hakuna mtu hapo alikuwa amewahi kunisikia nikiinua sauti. Thuo akazima.

— Cucu, nimekosea nini?

— Mwenye kuipiga alikuwa wa mkono wa kushoto, nikasema. Pembe, hii ncha yake, ilikuwa inaangalia kulia, si kushoto kama Jeruto ameiweka. Alikuwa anasimama upande huu, anapiga hapa. Miaka ishirini na mbili. Na hizo namba ni uzito, hesabu ya Waingereza wa zamani: ratili mia na kumi na mbili, ishirini na nane, na kumi na sita. Muhindi aliyemuuzia alimwambia. Weka kwa mizani ya viazi, itakupa kilo sabini na moja.

— Alikuwa nani, Cucu? Jeruto akauliza.

— Joseph. Baba wa watoto wangu. Tulikuwa tunakaa karibu na Kaptagat.

Jeruto akang'oa waya wa grinder kwa ukuta. Akakaa chini karibu na miguu yangu na hizo nguo zake safi.

— Na mimi nimeitoa Cheptiret. Ni yako, Cucu. Nitaileta nyumbani kwako leo.

— Niiweke wapi, mjukuu wangu? Nipikie juu yake? Kaa nayo. Ila huo upande usiuguse.

— Siugusi.

— Na Jumamosi nitakuja nisikie ukipiga.

Jebet alikuwa bado ameshika jembe. Mgeni hajui mahali pa kunyamaza.

— Na kutoka Kaptagat ilifikaje Cheptiret?

Thuo alifunga waya wa grinder, akaufungua, akaufunga tena. Mwalimu, aliyelijua lile boma la Cheptiret, alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilikwenda nikamwongezea kahawa. Mkono wake nikaushika kwa wangu mpaka kikombe kikajaa.