Mama Pamba, Aliyeuliza Juu na Chini

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake wa maabara na wote mliofika: wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, fundi bomba, kwa sababu marehemu mwenyewe alimchagua. Kwenye kijitabu cha ratiba mlichonacho mkononi, ukurasa wa pili, kuna wasifu kama huu. Mtaufuata vizuri mpaka mfike kwenye ugonjwa, na hapo maneno yatapishana. Baba yetu mdogo alipita kwa mchapishaji juzi, akabadilisha sentensi moja na kuweka "aliugua kifua". Alifanya hivyo kwa kutupenda. Jana, kwenye kikao cha familia, alisema wazi kwamba sentensi aliyoiacha marehemu ikisomwa, yeye atainuka aondoke. Itasomwa. Tutaifikia kwa mpangilio wake, maana marehemu hakumpenda mtu anayeruka hatua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshona nguo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na nusu ya ukumbi ilikuwa ya cherehani ya mama. Wanawake wakipimwa kiuno huzungumza, na mtoto alikuwa chini ya meza akiokota pini na kusikia mambo ambayo wenzake waliyasikia wakiwa watu wazima. Alipokuwa na miaka sita aliuliza wakati wa chakula, mbele ya wageni, kaswende ni nini. Baba alijibu haraka kwamba ni aina ya kikohozi. Mama alicheka mpaka akatoka nje, na mtoto akajua kwamba amedanganywa. Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikupumzika na maswali yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza 1976, akaendelea na sekondari hadi 1982. Alikuwa na kichwa chepesi darasani na kichwa kigumu kila mahali pengine. Kidato cha tatu, mwalimu wa sayansi alitundika ubaoni mchoro wa mwili wa binadamu: ubongo, moyo, mapafu, tumbo, kisha miguu. Marehemu aliinua mkono. "Mwalimu, huyu mtu hapa katikati amepatwa na nini?" Darasa lilivunjika mbavu, naye akasimamishwa nje ya mlango mpaka kengele ikalia. Alipoulizwa nyumbani kama ameona aibu, alisema aibu aione aliyechora. Kuanzia 1983 alisomea kazi ya maabara, na mwaka 1986 alihitimu akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya njia ya hewa. Kazi yake ilikuwa kupitisha kijiti chenye pamba kooni mwa mgonjwa, kukipaka kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu, na kusubiri kuona kitakachoota. Hapo ndipo alipoitwa Mama Pamba, kabla hata hajawa mama wa mtu.

Kituo kilikuwa na mapokezi yenye dirisha moja, na mbele ya dirisha benchi refu. Karani aliuliza kwa sauti ya juu, kwa sababu feni ilipiga kelele: "Unaumwa nini?" Benchi zima lilinyamaza kusikiliza. Sasa mtu mwenye kisonono, na mkwewe amekaa pembeni yake, angesema nini? Alisema kifua. Wote walisema kifua. Waliingizwa kwenye utafiti wa kifua, wakapimwa koo, wakapewa dawa ya kifua. Dawa ile ilipunguza kidogo maumivu ya huko chini bila kuyaponya, kwa hiyo baada ya muda walirudi tena na kifua chao. Wakubwa wa kituo waliandika kwamba watu wa mji huu wana vifua vibaya kupita kiasi.

Mwaka 1989 aliingia dereva mmoja wa lori, mabega kama kabati. Marehemu aliweka sikio mgongoni kwake, akasikia mapafu mazima kabisa.

"Kohoa basi nisikie," alimwambia.

Dereva akakohoa kikohozi cha kuomba radhi.

Marehemu alimwomba msaidizi wake atoke kidogo, akafunga mlango. "Hapa tuko wawili tu. Sema kweli, unaumwa wapi?"

Dereva aliangalia viatu vyake. "Dakta, kifua changu kimeshuka."

"Kimeshuka mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mkanda. Kimepita kidogo."

Marehemu alisimulia habari hii maisha yake yote, na hakuwahi kumcheka yule dereva. Aliowacheka ni wataalamu, yeye mwenyewe akiwemo, ambao kwa miaka miwili walipima koo za watu waliokuwa wakiumwa kwingine. Tangu siku hiyo kila aliyeingia chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, aliulizwa maswali mawili: "Juu vipi? Chini vipi?" Aliwauliza wote bila kubagua, viongozi wa dini, wanafunzi, wakuu wa idara, ili asiwepo mtu wa kusema ameulizwa kwa sababu ameshukiwa. Bibi mmoja wa miaka themanini alifikiri kidogo kabla ya kujibu. "Chini, mjukuu wangu, kumetulia tangu mzee wangu afariki. Lakini nashukuru kwa kuuliza, maana siku hizi hakuna anayejali." Marehemu alimpima bibi yule kwa heshima ileile aliyompa kila mtu.

Majibu yalipokusanywa yalitisha. Wagonjwa wengi wa kifua hawakuwa na kifua. Walikuwa na kisonono, tena kisonono kilichozoea dawa, kwa sababu kwa miaka mingi kilikuwa kikinyweshwa dozi ya kikohozi. Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamwambia matokeo ni mazuri, ila utafiti ni wa mapafu, kwa hiyo hayo mambo ya chini ayatoe, yanachafua ripoti. Marehemu alimjibu kwamba vijidudu havisomi kibao cha mlangoni. Alisema hatatoa hata mstari mmoja. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, chumba cha nyuma kilichopakana na jenereta, pasipo maji wala dirisha la maana.

Mdogo wake aliitwa kuweka sinki. Alimkuta amejifunga kanga juu ya koti jeupe, anafagia popo waliokufa. Mdogo wake akamwambia atamwekea bomba moja la muda, mpaka hasira za mkuu zitulie. "Weka mawili," alisema, "na uyakaze vizuri. Mimi siondoki." Alikaa stoo miaka sita. Mlangoni alibandika maneno haya: Mficha uchi hazai. Yalibanduliwa, akayabandika. Yalibanduliwa tena, akayaandika kwa rangi ya mafuta. Wagonjwa walimfuata kule nyuma kwa sababu palikuwa na faragha, na jenereta lilimeza kila neno. Mwishowe kituo kizima kilifuata utaratibu wake: benchi likaondolewa mbele ya dirisha, matibabu yakabadilishwa, na watu wakaanza kupona. Mwaka 2001 alirudishwa jengo kuu na kupewa kitengo chake. Kwenye hafla ya kumpongeza alitoa hotuba fupi kuliko zote. Alisema, "Mmechelewa."

Tarehe 16 Novemba 1991 marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati. Walikutana kituoni, mwalimu akiwa na nimonia, na marehemu alipenda kutangaza kwamba huyo ndiye mwanamume wa kwanza mwezi ule ambaye kikohozi chake kilikuwa cha kweli. Alimuuliza juu vipi, chini vipi. Mwalimu akajibu, "Juu pabaya, chini salama. Na wewe je, hali yako?" Hakuna mgonjwa aliyewahi kumrudishia swali. Siku ya posa, baba aliwaambia wageni kwamba binti yake anashughulika na vifua. Sauti ikatoka chumba cha pili: "Na kisonono, baba! Usikisahau!" Wageni walitazamana. Mama yake mwalimu akasema anamtaka huyohuyo, maana nyumba yao imejaa watu wanaonong'ona. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1993 na wa kike mwaka 1996.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa. Mwenye kijitabu akifunge.

Katikati ya mwaka 2021 marehemu alianza kutokwa damu, miaka mingi baada ya umri wa hedhi. Alijua ni nini kabla daktari hajafungua mdomo. Mganga hajigangi: kwa miaka mingi alikuwa akiwapeleka wanawake wengine kupimwa, na yeye akisema atapima mwezi ujao. Hilo lilimuuma kuliko maumivu yenyewe. Alijitukana kwa lugha ambayo haiwezi kusomwa mbele ya watoto, akapangusa uso, akaanza matibabu. Alipata mionzi na dawa, akapata nafuu, akarudi kazini akiwa amefunga kitambaa kichwani, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu mwishoni mwa 2022.

Wodini, baba mdogo aliwapokea wageni mlangoni akiwaambia ni kifua tu, kinamsumbua. Marehemu alimsikia.

"Ba'mdogo," aliita, "kifua changu hiki hapa, kizima. Ukitaka nikuimbie."

"Mwanangu, nakusitiri."

"Unanisitiri na nini? Nimeiba?"

"Watu watamwangalia vibaya mumeo. Na binti yako anaposwa mwaka huu. Fikiria watu."

"Ndio nawafikiria, ba'mdogo. Nawafikiria wote wanaokuja hapa na kuambiwa kifua, halafu wanarudi nyumbani bila kupimwa."

Baba mdogo si mtu mbaya. Ndiye aliyelipokea jeneza hili kwa mikono yake, na alilia kuliko sisi sote. Lakini usiku ule dada alimwita mdogo wake karibu na kitanda, akamwambia, "Utasoma wewe. Unafungua mabomba yaliyoziba kila siku, huwezi kushindwa na mdomo wako." Akamtamkia sentensi, akaacha pengo la tarehe na umri tu, akamfanya airudie mpaka aiseme bila kumeza mate. Ni hii.

Dada yetu alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2023, akiwa na miaka hamsini na tisa, kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kirusi ambacho wengi wenu mliokaa hapa mmewahi kuwa nacho bila kujua.

Hiyo ndiyo sentensi. Anayetaka kujua alikipata kwa nani, marehemu alisema hilo ni swali la kipumbavu, kwa kuwa kirusi hicho huweza kukaa mwilini miaka na miaka kimya, na hakuna maabara duniani itakayokuonyesha siku kilipoingia. Aliyazungumza haya akiwa na akili zake timamu. Hakuwa na aibu, na sisi tuliozaliwa naye na tuliomlea hatuna aibu ya kumwazima.

Jana kwenye kikao, baada ya baba mdogo kusema yote aliyoyasema kuhusu jina la familia, aliulizwa mtu ambaye aibu hiyo ingemwangukia kwanza, yaani mume. Alisema, "Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Sitamzika kwa ugonjwa wa mtu mwingine." Binti yake akasema mchumba atakayekimbia kwa ajili ya neno saratani, akimbie mapema, asiharibu viatu. Kikao kikafungwa hapo.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume, binti, wajukuu wawili wa kike ambao wakifikia umri watachanjwa dhidi ya kirusi hicho, kama bibi yao alivyoagiza, mdogo wake mmoja anayesoma haya, na baba mdogo. Ba'mdogo, kama bado umekaa, asante. Kama umeinuka, chakula ni saa nane, na kiti chako hakuna atakayekikalia.

Mwenye swali kuhusu ugonjwa asilipeleke nyuma ya nyumba kulinong'ona. Mume wake atakaa pale mbele, kwenye kiti cha kwanza, mpaka jua lizame, na amesema atamjibu kila atakayekuja kuuliza.

Dada, tumesema. Pumzika kwa amani sasa.