Kasuku na Kitabu Alichokitamani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kwenye foleni ya magari, huna la kufanya, nisikilize tu. Leo tunamkumbuka mfasiri mmoja. Majirani walimwita Kasuku. Mhariri wake alimwita Kasuku. Hata daktari wake, mwishoni, alimwita Kasuku. Ametutoka juma lililopita, baada ya kusumbuliwa na mapafu kwa muda mrefu.

Kasuku alikuwa mzungu. Nalisema mapema, kwa sababu habari ya leo yote inazunguka hapo. Alikuwa mzungu, na lugha hii ninayoongea nanyi sasa ndiyo aliyoiotea ndoto, ndiyo aliyogombania, ndiyo aliyolilia.

Baba yake alikuwa fundi wa pampu za maji, mgeni aliyekuja kwa kazi akasahau kurudi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Jirani yao alikuwa mwanamke msusi, saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Baba akienda kazini, alimwacha mtoto pale. Mwanzoni mpaka jioni. Baadaye mpaka mwisho wa juma. Mwishowe hakuna aliyeuliza tena mtoto analala wapi. Yule msusi akawa ndiye mama. Sisi leo tumwite Mama Msusi.

Mama Msusi alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, ambaye sasa ni fundi umeme, mtu mzima mwenye mvi. Nilimkuta nyumbani, matanga yakiendelea. Akaniambia hivi:

"Mimi na dada tulikuwa tunagombania mto mmoja. Wateja wakisukwa wanasengenya, yeye yuko chini ya meza anarudia kila neno. Siku moja mteja kamsema mumewe, maneno mazito kweli. Kesho yake mume anapita zake barabarani, mtoto anamsalimia kwa maneno yale yale! Mama alifunga saluni mapema siku ile."

Ndipo jina la Kasuku likamganda.

Akakua, akasoma, akaajiriwa kwenye kampuni ya vitabu. Kazi yake ilikuwa kuvichukua vitabu vya watu wa mbali na kuvileta katika lugha yetu. Meza yake ilikuwa dirishani, ng'ambo yake gereji. Kila sentensi aliisoma kwa sauti kabla ya kuiacha. Mafundi wa gereji wakawa wanamjibu. Mhusika akifumaniwa kitabuni, utasikia mtu chini ya gari anasema, "Si nilimwambia!"

Halafu, wasikilizaji wapendwa, kikaja kitabu kile.

Kiliandikwa na mwanamke mweusi wa nchi ya mbali. Alisimulia maisha ya mama yake, na mama yake alikuwa msusi. Kasuku alikisoma mezani pake, chakula kikapoa pembeni. Hakusubiri kuagizwa. Aliitafsiri sura ya kwanza, akampelekea mhariri. Mhariri alicheka kwa sauti, kisha akatoka nje kufuta macho.

Lakini mwandishi alikuwa na sharti. Alitaka kitabu kitafsiriwe na mwanamke mweusi. Maneno yake, kama mhariri alivyoyasoma, yalikuwa haya: "Siku zote nimesemewa na watu wasiofanana nami. Safari hii nataka mtu ambaye akiingia mahali, anaangaliwa ninavyoangaliwa mimi."

Kasuku akauliza, "Amesoma kazi yangu?"

"Hajasoma."

"Kwa hiyo amenikataa bila kunisikia. Amenikataa kwa ngozi."

Mhariri, ambaye ni mweusi, akamwangalia kwa upole. "Ndiyo," akasema. "Pole. Wengine wetu tumezoea."

Kasuku alichukua mkoba wake akaondoka. Hakuaga mtu.

Kitabu akapewa binti mmoja mfasiri, mweusi, hodari, mwenye shahada mbili na haya nyingi. Siku alipokwenda kwa Kasuku kumwomba ushauri, hakufunguliwa mlango. Nimezungumza naye. Anasema, "Nilimsikia mle ndani. Alizima redio ili nidhani hayupo."

Nasikitika kuwaambia, ilikuwa redio hii hii.

Mara ya pili alifungua. Akasoma kurasa za yule binti akiwa amesimama, kalamu mkononi. Mahali ambapo mama kitabuni anamsuka mwanawe, binti alikuwa ameandika, "Tafadhali inamisha kichwa chako." Kasuku akaguna. "Msusi gani anaomba? Msusi anakugonga begani na kitana, anasema, 'Lala hapa.'" Binti akacheka, akafuta. Wakaendelea hivyo, jioni ile na jioni nyingine.

Mpaka wakafika kwenye sentensi moja.

Ni siku ambayo mtoto wa kitabuni anapewa zawadi shuleni. Mtoto anaitwa ukumbini. Na mama yake? Katika lugha ya mwandishi, kitenzi kilichotumika hapo kinaweza kusomwa hivi au vile. Kasuku alisema iandikwe, "Mama alibaki nje." Binti alikuwa ameandika, "Mama aliachwa nje."

"Umeongeza," Kasuku akasema. "Hakuna aliyemwacha. Alibaki."

"Mama mkubwa, mtu habaki nje siku mwanawe anapewa zawadi."

"Labda alikuwa na haya. Labda alikuwa na nguo za kazi."

"Labda," binti akasema. "Lakini mimi nilipoisoma, sikufikiria nguo."

Wakabishana mpaka wakachoka. Kasuku hakukubali. Jumapili yake akaenda kwa Mama Msusi, ambaye wakati huo alikuwa mzee, vidole vimekakamaa, hasuki tena. Yule kaka, fundi umeme, alikuwepo, juu ya kiti, anatengeneza swichi. Alisikia yote.

Kasuku akaeleza ubishi wao. Mama Msusi akasikiliza, halafu akauliza, "Unakumbuka duka la viatu? Lile la milango ya vioo?"

"Nakumbuka, Mama. Vile viatu vyekundu."

"Baba yako alishaingia. Mimi nimekushika mkono. Mlinzi akakufungulia wewe mlango, akaniwekea mimi mkono kifuani. Akasema, 'Yaya anasubiri huku.' Ukaingia. Ukachagua viatu, ukaja kunionyesha kwenye kioo, uko ndani, mimi niko juani. Unaruka-ruka. Nikakuchekea."



"Viatu navikumbuka," Kasuku akasema. "Mlinzi simkumbuki."

"Najua, mwanangu. Mimi viatu sivikumbuki vizuri. Ni wewe unaniambia vilikuwa vyekundu."

Kaka mtu anasema alibaki na bisibisi hewani. Alimwona dada yake ameshuka sakafuni, ameweka kichwa kwenye magoti ya mama, na mama anazipitisha zile nywele laini kwenye vidole vibovu. Kasuku akasema, "Lugha yote hii nimeipata kwako."

"Ndiyo. Nilichokuwa nacho nilikupa. Kile kingine sikuwa na namna ya kukupa, na hata ningekuwa nayo nisingekupa."

Kesho yake Kasuku alimpigia simu binti. Hakusalimia. Alisema, "Aliachwa nje. Andika hivyo." Akakata.

Kitabu kikatoka, jina la binti juu yake, kikapendwa. Mwandishi mwenyewe alikuja kwenye uzinduzi. Kasuku alikaa safu ya nyuma, na shughuli ilipoisha alitoka wa kwanza. Binti alimkimbilia hadi kwenye ngazi. "Mama mkubwa, njoo umsalimie. Nimemwambia habari zako."

Kasuku akamshika shavu. "Umeifanya vizuri," akasema. "Kuna mahali umenishinda. Na kuna mahali ningekushinda, unajua. Ile sura ya kwanza ningekushinda."

"Najua," binti akasema.

"Basi niache niende. Nikimsalimia nitalia, na atadhani nimekuja kudai."

Miaka ikapita. Mama Msusi akafariki. Mapafu ya Kasuku yakaanza kumsumbua. Ndipo mwandishi yule akamaliza kitabu cha pili, na safari hii hakuweka sharti lolote. Alisema tu, mpeni yule mama niliyesimuliwa habari zake, kama anataka. Mhariri akaenda mwenyewe hospitali, furaha imemjaa. Akaketi kitandani, akamweleza.

Kasuku alivuta pumzi kwa shida. Akauliza, "Kinahusu nini?"

"Mapenzi. Safari. Kizuri sana."

"Mpe yule binti." Akageukia ukuta. Mhariri akadhani amelala. Kisha akamsikia, polepole, "Mimi nilitaka kile."

Wasikilizaji wapendwa, nimelipima jambo hili kila upande. Mwandishi alikuwa na haki ya kuchagua nani amsemee. Kasuku alikuwa na haki ya kuumia. Binti aliona alichokiona, na Kasuku alisikia alichokisikia tangu akiwa chini ya meza. Nimejaribu kumpa mmoja wao kosa, nimeshindwa.

Tunatoa pole kwa kaka yake na familia yote. Pole kwa binti mfasiri. Pole kwa mhariri, na kwa mafundi wa gereji, ambao walifunga kazi wakaja kuzika wakiwa na ovaroli zao. Pale makaburini mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzungu ndugu zake wako wapi?" Kaka mtu aliinua koleo akasema, "Umesimama mbele yao. Sogea, nimzike dada yangu."

Basi leo, ukikaa na mtu wako, mwambie jambo moja mlilolipitia pamoja. Mwombe naye akueleze alivyoliona. Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.