Barua Iliyoandikwa kwa Mkono

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu hakumcheka, siku ile aliponunua begi la shule akiwa na miaka arobaini na tisa?

Marehemu, ambaye mahakama nzima ilimwita Bi Nukta kwa kuwa hata hakimu alirudishiwa hukumu yake ikikosa nukta, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mama mfua nguo wa hospitali, akamaliza shule ya msingi 1981, sekondari 1985 na chuo cha uhazili 1987, na tarehe 1 Februari 1988 akaajiriwa kuwa mpiga chapa wa msajili wa mahakama, akichapa maneno ya wanasheria na, tuseme ukweli, akiyanyoosha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na fundi umeme, wakajaliwa binti na mwana, leo muuguzi na mwalimu.

Mama yetu alipooza mwaka 2014, na kila jioni Bi Nukta ndiye aliyemwosha na kumgeuza, huku mdogo wake, anayewasomea historia hii, akifika Jumapili na pole nyingi.

Mwaka 2017 aliomba kusomea sheria, masomo ya jioni. “Utahitimu na mkongojo, wakili bibi!” shemeji yake alimtania, naye akajibu, “Afadhali mkongojo wenye shahada.” Chuo kilitaka barua ya mwajiri, na msajili, ambaye hakuwahi kutuma hata mwaliko wa chai bila Bi Nukta kuuchapa, hiyo aliiandika kwa mkono, akaifunga, akampa aipeleke mwenyewe. Tarehe 14 Agosti chuo kilijibu kwamba mwajiri wake haamini kuwa ataweza. Kaka yetu alitaka hapa isomwe “hakubahatika,” lakini bahati haina mwandiko.

Tangu hapo alimpa msajili salamu ya kazi tu. Mama alifariki 2018, na mwaka uliofuata Bi Nukta aliomba tena, kwa barua ya wakili jirani, akapokelewa, akaketi na vijana waliomwita Mama huku wakinakili madaftari yake. Januari 2021 aligundulika na saratani ya ini. Msajili alikwenda wodini na matunda, dada akageukia ukutani, naye akaondoka bila kujitetea. Dada alifariki Jumatano, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akiwa mwaka wa pili. Angepokelewa mara ya kwanza, tungezika mhitimu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, na wafanyakazi wenzake, akiwemo msajili, aliyeketi pale mlangoni na viti vitupu kila upande, kwa sababu sote tuliamua ni yeye.

Pumzika, dada, pumzika salama. Mkono ulikuwa wa msajili, lakini maneno yalikuwa yangu: mimi ndiye niliyempigia simu, nikamlilia aandike kwamba hutaweza, nikamwapisha asiseme, maana ungekwenda darasani jioni, zamu ya mama ingekuwa yangu, na mimi sikuitaka.